Mara Kumi na Tisa

Dada yangu,

Sisi huku wazima. Nasema "sisi" kwa mazoea tu. Chumbani niko peke yangu na birika ya mama, ambayo mfuniko wake mpaka leo haukai sawa.

Uliwahi kuniuliza fundi wa tabia za watoto, kama mimi, anatengeneza nini. Hatengenezi, anahesabu. Sasa hivi kazini nimepewa binti wa miaka saba asiyesema. Tunamwita Meneja, maana kila asubuhi hukagua viti vyote kabla hajakaa. Wiki hii natakiwa kuandika kwenye fomu ni mara ngapi kwa nusu saa anamshika mtu mkono bila kuombwa. Sharti ni moja: usimwanze, ngoja akuanze.

Jana bosi wangu alikaa pembeni, naye akahesabu, ili tulinganishe. Mimi nilipata kumi na tisa, yeye nane. Nikamwambia labda pale alipokaa haoni vizuri. Akavua miwani, akasema taratibu, "Mtoto amekushika mara nane, mwanangu. Hizo nyingine umemshika wewe."

Fomu tumeitupa. Jumatatu naanza upya, mkono mmoja kwenye kalamu, mwingine mfukoni.

Dada, tangu tulipogombana siku ya kugawana vyombo vya mama, ni miezi saba nangoja unianze wewe. Nimechoka kungoja. Barua hii ihesabu upande wangu.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye birika