Mistari ya Mwisho ya Marko

Kaka Filemoni,

Mkonge wa upande wa mtoni tumeumaliza, na mstari wako sasa anakata Zakaria, shemeji yako. Kila asubuhi anavua kofia na kusema maneno yako yale yale ya Injili ya Marko, kwamba waaminio watashika nyoka wala hawatadhurika, kisha anaingia shambani na ndala. Mimi nakata jirani naye. Macho yangu yako kwenye miguu yake.

Kambini wanasema ulikufa kwa sababu imani yako ilipungua. Mkeo ameyasikia bombani. Hakulia. Alitua ndoo akaniuliza, "Wewe ulikuwa naye. Ilipungua?" Nikamwambia hapana. Nakumbuka kifutu alipokugonga, ukatuomba tupige magoti, tusikupeleke kokote. Nyapara Bakari alikuja na pikipiki akafoka, "Nyie Waha, ombeeni njiani. Nyoka haulizi mtu dini yake." Ukamtania, na maumivu yale yote, kwamba anatafuta thawabu kwa Mkristo. Tulikupakia mguu ulipokwisha kuvimba. Hukufika hospitalini Maramba.

Sasa nikwambie linalonitisha. Mchungaji wa mjini Tanga alipokuja kwenye msiba wako, nilimwuliza habari za maneno yale. Mimi niliishia darasa la nne, nilidhani Injili ilishuka kama ilivyo, na jalada lake. Akafungua Biblia yake mpya. Mwisho kabisa wa Marko, maneno yale yamewekwa ndani ya mabano, na chini wameandika kwamba nakala za kale zaidi hazinayo. Akanieleza kuwa habari za Yesu zilisimuliwa kwanza kwa mdomo, baadaye zikaandikwa, na watu wakawa wananakili kwa mkono, huyu kutoka kwa yule. Nakala kongwe zinaishia kwa wale wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa Yesu, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno. Huenda mtu aliona habari njema haiwezi kuishia kwenye woga, akaongeza yale waamini waliyokuwa wakisimuliana.

Nikamwuliza kama mtu huyo alidanganya.

"Hapana," akasema. "Alitaka kutupa moyo. Ila hakumjua kifutu wenu."

Tangu hapo silali vizuri. Nikisema, wataona nimeichezea Biblia, na kuisoma ulinifundisha wewe, ukinishika kidole juu ya herufi. Nikinyamaza, kesho Zakaria anaingia tena na ndala. Na kama mistari ile iliongezwa, je, mingine niliyoishikilia miaka yote hii, nikiwa mbali na kwetu Kasulu na mama yangu? Hilo sikumwuliza mchungaji. Niliogopa jibu.

Jumapili zamu ya kusoma kanisani ni yangu. Nitasoma mpaka pale wanawake wanapoogopa, nifunge kitabu, niwaambie kwa nini nimefunga. Nitasema mbele ya mkeo kwamba imani yako haikupungua hata kidogo. Uliliamini neno ambalo huenda Marko hakuliandika. Zakaria anaweza asinisemeshe tena.

Pumzika, kaka. Nyoka akimgonga shemeji yako, sitapiga magoti kwanza. Nitambeba mgongoni mpaka Maramba, hata akining'ata sikio.