Galaksi na Wadogo Zake

Dada yangu,

Salamu za huku ni nusunusu: paka wako amenenepa, bomba limekauka. Nimeunda darubini kwa lenzi za miwani mbovu, nikapata galaksi ya mbali. Kitabu kinasema imejisokota kama konokono. Mimi naona tone la maziwa, na pembeni madoa mawili, galaksi ndogo.

Nilimbeba mama hadi dirishani achungulie.

“Hizo ndogo zitaondoka lini?”

“Haziwezi, mama. Kubwa inazivuta, mwisho itazimeza.”

“Maskini. Hazina dada?”

Nilicheka mpaka nikakohoa damu tena. Daktari anataka kunilaza Jumatatu, na mama hageuki kitandani bila mtu. Nimeshamwambia unakuja. Sijawahi kumdanganya, usinifanye nianze.

Mdogo wako,
fundi miwani