Waridi la Kumi na Moja

Jumatatu, 7 Julai

Wiki ya tatu kazini kwenye tamthilia ya televisheni, na bado sijasema sentensi nzima mbele ya watu. Wananiita Bubu. Kazi yangu ni kuhesabu: vikombe, vijiko, vifungo vya koti. Naandika yote kwenye daftari la vifaa. Bi Temenuga, mkuu wangu, anasema macho yake yamechoka, mimi ndiye miwani yake. Ijumaa wataamua kama nibaki mpaka vuli. Nataka sana kubaki.

Kesho, mbele ya kamera, Ognyan anamposa Bilyana. Hatimaye! Misimu miwili Bilyana amehangaika na daktari wa meno mwongo na yule mwenye mke mjini Varna. Bibi anasubiri kuliko Bilyana mwenyewe.

"Anakubali?" kauliza tena, tukila supu.

"Nimeapa kutosema, Bibi."

"Basi usiseme. Tikisa kichwa tu."

Jumanne, 8 Julai

Sina raha. Mawaridi yalikuwa kumi na moja, niliyahesabu mara mbili. Waliporudia mara ya nne, Ognyan aliyagonga mlangoni, moja likavunjika shingo. Bi Temenuga akalichomoa, akalitia mfukoni, akamrudishia yaliyobaki. Kumi. Nikafungua mdomo. Mwongozaji akasema, "Kimya!" Husema hivyo kila kamera inapoanza, kwa watu wote. Nikaufunga.

Na picha ya mara hiyo ndiyo waliyoichagua. Bilyana alilia machozi ya kweli. Watu walipiga makofi.

Daftarini nimeandika 10. Kwa wino. Ujasiri wangu wote umeishia hapo.

Jumatano, 9 Julai

Bibi alikwenda kwenye kaburi la Babu na maua sita. Muuza maua alitaka kumwongezea la saba bure, akalikataa.

"Babu yako angedhani namchumbia upya," kasema. "Wafu wapewe jozi, watulie."

Sikuweza kumaliza chakula. Nchi nzima itahesabu, Bibi wa kwanza. Mwanamume mwema wa kwanza wa Bilyana kamletea kumi, jozi, maua ya maiti. Watasema mmoja wao atakufa. Hakuna atakayeisikia posa yenyewe.

Alhamisi, 10 Julai

Nilikariri sentensi yangu njia nzima kwenye tramu. Nikaisema: "Bi Temenuga, yalikuwa kumi."

Alikuwa akifuta vikombe. Hakuinua uso.

"Najua, mwanangu. Nilipofika nyumbani nililikuta waridi mfukoni."

Ognyan anasafiri Jumamosi, mwezi mzima. Kupiga picha upya ni siku nzima ya watu wote. Na mwaka huu Bi Temenuga ameshakosea mara mbili. La tatu wanamwondoa.

"Miaka ishirini na sita, Bubu. Koti la Ognyan limeziba upande mmoja. Nani atakaa kuhesabu?"

Bibi yangu, nilitaka kusema. Nikachukua kitambaa, nikamsaidia kufuta. Nimejichukia mpaka nyumbani.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika nikiwa stoo, nimekalia sanduku la sahani. Mhariri wa picha amesema anaona kumi. Mwongozaji akauliza mbele ya wote.

"Kumi na moja," akasema Bi Temenuga. "Moja liko nyuma ya koti."

Mwongozaji akanigeukia. Sidhani aliwahi kuniona kabla ya leo. "Binti, daftari si unalo wewe? Lilete."

Bi Temenuga alinifuata huku. Aliweka kikombe chake cha kahawa karibu na daftari, kimejaa pomoni.

"Kurasa hulowa, mwanangu. Hakuna atakayekulaumu."

Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alikuwa kama Bibi siku ile tuliyotoka hospitali bila Babu. Akaondoka, akauacha mlango wazi.

Ognyan bado yupo, namsikia akicheka chumba cha mavazi. Leo kurudia inawezekana. Kesho haiwezekani.

Nimekisogeza kikombe mpaka mwisho wa rafu. Sentensi nimeibadilisha: yalikuwa kumi, niliona, nikanyamaza, kosa ni langu. Habari ya Bi Temenuga na mfuko wake haimo. Sijui kama hilo nalo ni uongo.

Wananiita. Si Bubu — wameniita kwa jina, na sauti ni ya mwongozaji. Nimeitika. Nadhani haikusikika. Naitika tena, kwa sauti —