Sauti Iliyoniita Msibani

Mjukuu wangu Mwajuma,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mitundu tu wazima, mtama umekomaa, na babu yako kikohozi kimemwachia.

Unauliza ununue kinasa sauti gani cha kurekodia masomo chuoni. Mimi nakijua kimoja tu. Wakati wa Ujamaa, bwana nyuki, yule afisa wa serikali wa ufugaji nyuki, alikuja na tepu rekoda kumrekodi baba yangu akieleza habari za mizinga. Akaiweka karibu na jiko alipokuwa mama akipika, baba akiwa amekaa mbali kivulini.

Miezi ikapita, mama akafariki. Bwana nyuki akaja msibani, akaiwasha ile tepu ili baba afarijike kidogo. Maneno ya baba hayakusikika vizuri. Mara sauti ya mama ikaita, wazi kabisa: "Mwanaidi, lete maji."

Nikaitika, "Abee mama," nikachukua kata. Nilikuwa nimeshafika mtungini ndipo nikaona watu wote wananitazama. Nikaiweka kata chini.

Basi usichague kwa uzuri. Kijaribu palepale dukani, mtu aongee akiwa mbali. Darasani kaa mbele, maana chombo hicho humsikia aliye karibu. Na mwalimu mwombe ruhusa, mama hakuombwa.

Likizo njoo nacho, unirekodi nikikuita. Siku nikiwa sipo, ukaisikia sauti yangu, sijui utanyamaza au utaitika.

Bibi yako,
Mwanaidi