Kadi ya Akiba na Mpaka wa Paya

Mtaa wa Sofia,
Busia.
16 Machi 2025

Mpendwa kaka Ofumbi,

Hujambo huko Edmonton? Wifi yangu Dorcas na watoto hawajambo? Nimeandika Kiswahili makusudi ili Dorcas naye asome bila wewe kumtafsiria, maana najua ungeruka yanayokuuma. Mimi mzima. Biashara ya intaneti inakwenda. Wateja wamefika mia mbili na kumi na wanne, kutoka wale sita uliowacheka.

Baba yuko vilevile. Kiharusi kilimwachia masikio na akili, kikachukua ulimi. Anakula, anacheka Mama akimtania, lakini neno halitoki.

Nivumilie kwanza nikueleze jambo la kazini. Ile mashine inayoonyesha kila ujumbe njia ya kupita ina kadi mbili: moja inafanya kazi, ya pili inakaa akiba. Mwaka jana kadi kuu iliungua siku ya soko. Ya akiba ikashika mara moja, taa ya kijani ikawaka, lakini haikujua njia hata moja. Okochi, fundi wangu, alikuwa ameichomeka tu, bila kuiagiza inakili yale ambayo mwenzake anajua. Ikabidi tuifundishe upya kama mgeni, huku Busia nzima ikitutukana.

Tulirekebisha. Tangu hapo kadi kuu ikijua njia mpya, ya akiba nayo inaijua papo hapo. Wiki hii kadi kuu imekufa tena, wakala mmoja wa forodha akiwa katikati ya simu ya video na wakubwa wake. Hakuhisi kitu. Hakuna hata mteja mmoja aliyenipigia. Okochi akaniambia, "Madam, leo hatuna wa kututukana, sasa tufanyeje?" Nilicheka, halafu nikakukumbuka wewe.

Jumapili iliyotangulia ukoo ulikaa kwetu Paya. Jirani yetu Owora amelima kule chini karibu na kinamasi. Labda ameuvuka mpaka wa shamba letu, labda hajauvuka. Sijui, na shida yenyewe ndiyo hiyo. Mwenyekiti wa ukoo aliniuliza mpaka unapita wapi. Mimi ninayempeleka Baba hospitali Tororo, ninayeamua mbegu gani ipandwe na nani alime, nilimwambia sijui. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Basi, tumngoje Ofumbi."

Baba alikuwa pale kwenye kiti chake akinitazama, midomo ikimcheza.

Kaka, wewe ulitembezwa ule mpaka kila likizo. Mimi niliambiwa nibaki na Mama nipepete wimbi, kwa kuwa nitaolewa. Kwa hilo sikulaumu, ulikuwa mtoto kama mimi. Lakini leo u mtu mzima, na huu ukimya kuhusu mpaka ni wako mwenyewe. Mimi ndiye niliyechomekwa hapa, taa inawaka, kila mtu anaona nyumba ina mtu. Na njia sizijui.

Sikuombi uje. Naomba Jumamosi, saa kumi jioni kwetu, asubuhi kwenu, upokee simu ya video. Nitaanzia kisimani niufuate mpaka wote, nawe uniambie: hapa pana jiwe, hapa palikuwa na mkonge, hapa Baba na baba yake Owora walikubaliana hivi. Baba tutamsukuma kwa kiti chake, panaposhindikana tutambeba. Ukikosea atatikisa kichwa. Hilo bado analiweza. Na mwite binti yako Barbara akae karibu yako asikilize, hata kama ni msichana.

Mama anawasalimu wote, anauliza kama Dorcas bado anapika samaki kwa mapishi ya Wasamia kwenye theluji. Okochi naye anakusalimu. Mungu awape joto ndani ya nyumba yenu na amwongezee Baba siku za kutosha kutikisa kichwa.

Mtandao usikuhangaishe. Antena nimeshaifunga Paya juu ya paa la Baba, na nyingine iko tayari kushika hiyo ikizima. Jumamosi simu ikikatika, ujue haijakatikia kwangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,
Harriet Aboth