Pua ya Mume Wangu

Jumamosi, 4 Machi

Tumepika! Chumba cha kufulia kule chini kilijaa mvuke mpaka madirisha yakatoka jasho. Hakuna anayefulia mle tena tangu kila mtu anunue mashine yake, kwa hiyo sasa ni kiwanda chetu cha bia. Mwokaji wa ghorofa ya chini alileta hamira kwenye kikopo, kaikumbatia kama kifaranga. Mwalimu wa hesabu na kipimajoto chake. Nesi wa juu na mtoto mkononi — huyo mtoto atakua akidhani bia ni supu.

Mume wangu akakoroga kimea. Alikuwa mpishi mkuu wa hoteli hadi alipostaafu mwaka jana, na bado anakoroga kana kwamba kuna ukumbi mzima wa watu wanaogonga vijiko. Tukatia hopsi, yale maua makavu ya kuleta uchungu. Akainama juu ya sufuria, akafumba macho, akavuta pumzi. "Safi kabisa!" Wote tukashusha pumzi.

Mimi nilishona mfuko wa kuchujia, kwa kitambaa cha pazia kilichobaki. Mwalimu kasema mfuko ni mzuri kuliko mapazia ya nyumbani kwake. Hiyo ni kweli, mapazia yake nayajua. Nimechoka vizuri.

Jumapili, 5 Machi

Mume wangu kaniambia asubuhi, huku anapaka siagi kwenye mkate. Hasikii harufu. Hata kidogo! Yale mafua ya mwezi uliopita yameondoka na pua yake. Kitunguu, sabuni, maziwa yaliyoungua — hakuna kitu. Mdomoni kabaki na chumvi, sukari na uchungu tu. Daktari kasema huenda ikarudi, huenda isirudi.

Na jana pale juu ya sufuria? Alikuwa anaigiza. Nilicheka, kisha nikaona uso wake, nikaacha.

Nikamwambia awaambie wenzake. Akaweka kisu chini. Akaniuliza, sasa mimi nitakuwa nani kule chini? Mbeba ndoo?

Namwelewa. Kule chini tuna desturi yetu: pipa likifunguliwa, wote tunaonja, lakini hakuna anayefungua mdomo kusema kabla yake. Neno la kwanza ni lake. Akisema "chupani", inaingia chupani. Akisema "mwaga", inamwagwa, na hakuna rufaa. Tangu astaafu hana pengine ambapo watu wanamnyamazia ili wamsikie. Nyumbani hapa nani anamnyamazia? Si mimi.

Basi tumepanga. Mimi nitanusa, yeye atasema. Nikiendelea kuishika glasi, bia ni nzuri. Nikiiweka mezani, ni mbaya. Tumefanya mazoezi jikoni kwa maji ya bomba kama watoto wanaocheza duka.

Jumamosi, 11 Machi

Imefanya kazi! Tulifungua pipa la mwezi uliopita, lile la bia nyeusi. Nikanusa, nikaonja, nikaing'ang'ania glasi kama mtu aliyeambiwa itaibiwa. Mume wangu akanitupia jicho, akakohoa kidogo kwa madaha. "Chupani!" Kisha akatia chumvi — mtu huyu! — akasema anasikia mkate ulioungua kwa mbali. Hakuna mkate wowote. Lakini Mwokaji akaitikia kwa kichwa, kwa makini, akasema kweli, mkate, tena wa ukoko. Nilikaribia kupasuka.

Harufu yenyewe ilikuwa ya karanga zikitoka kikaangoni, na nyuma yake kitu kama kamba mpya ya katani. Niliisikia waziwazi. Kumbe nina pua! Miaka yote hii nimekuwa nikimwachia yeye mambo ya kunusa kama mtu anavyomwachia mwenzake kuendesha gari.

Mwalimu kaanzisha pipa lake dogo pembeni, katia maganda ya chungwa. Nesi kasema hiyo si bia, ni dawa ya kikohozi. Wamebishana kwa furaha hadi mtoto akalia.

Jumatano, 15 Machi

Nanusa kila kitu. Hariri ya mteja wangu ina harufu ya sanduku. Ngazi zetu zinanuka rangi ya mafuta na ndizi. Nimemnusa hata mume wangu alipopita, kauliza kulikoni.

Wakati wa chakula cha jioni akasema kinachomsumbua si bia. Ni nyumba. Kasema haina harufu, ni kama analala ofisini. Nikamshika mkono. Akala wali wote kisha akaongeza pilipili, kwa sababu pilipili angalau inamjibu.

Jumamosi, 18 Machi

Balaa!

Pipa la tarehe nne. Mwokaji alipofungua tu nikajua. Niliionja, nikarudia funda la pili. Hatujawahi kupika kitu kama kile. Nimeshika glasi kwa mikono yote miwili, namsubiri mume wangu anitazame. Hapo simu ya Nesi ikalia. Akanigeukia, shemeji nishikie, akanibwagia mtoto kifuani. Mtoto mzima mwenye miguu! Nami bila kufikiri nikaweka glasi mezani.

Ndipo mume wangu akanitazama.

Akavuta pumzi. "Mwaga."

Na wakatii! Hicho ndicho kilichonishangaza. Mwalimu alikuwa ameshaonja, na uso ulikuwa umemng'aa. Akaiangalia glasi yake kama mtu aliyeambiwa kuwa rafiki yake ni mwizi, kisha akaimwaga kwenye sinki. Mwokaji alishalikokota pipa hadi kwenye tundu la maji, akaliinamisha. Povu la kwanza likaenda.

Nikapiga kelele. "Acheni! Hiyo ni nzuri! Nzuri kuliko zote!"

Mwokaji kaganda na pipa limelala upande. Mume wangu akanitazama mimi, akatazama glasi mezani, akatazama mtoto. Akaelewa. Niliona anavyoelewa. Lakini angesema nini mbele ya watu? Akasema, "Basi muulizeni yeye," akafuta mikono, akapanda ngazi.

Tukaitia chupani. Hakuna aliyechangamka, ingawa kila mmoja alikuwa akiiba funda moja moja. Mwokaji kaninong'oneza, shemeji, umejuaje? Nikasema nimebahatisha tu.

Jumapili, 19 Machi

Kanuna. Anapika kwa vishindo. Chakula kina chumvi kama bahari, nimekila chote.

Jumatatu, 20 Machi

Leo kasema. Alikuwa ananishikia kitambaa nikate, na kazi hiyo inataka watu wawili, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Kasema hana kinyongo kwamba nilisema. Bia ingekwenda na maji, ilikuwa lazima. Kinachomuuma ni kitu kingine. "Ulifurahi. Niliuona uso wako ulipokuwa unapiga kelele."

Nilikata kombo.

Kweli nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi sana! Watu wote wamenigeukia, na mimi najua, na wao hawajui. Sasa naelewa kwa nini hataki kuachia.

Alhamisi, 23 Machi

Mwokaji na Mwalimu wamenibishia hodi, na chupa moja ya ile bia chini ya koti kama wanafunzi watoro. Wamesimama mlangoni, hawataki kuingia. Mwalimu kaanza kwa mbali, na hali ya hewa, na afya. Mwishowe Mwokaji kasema: Jumamosi tunafungua lile pipa la machungwa, shemeji, tungependa neno la kwanza liwe lako. Mzee tumheshimu kwa namna nyingine. Labda awe mwenyekiti.

Mwenyekiti wa nini? Wa sufuria?

Nikasema hapana. Wakaniachia chupa, nikafunga mlango. Nyuma yangu jikoni maji yalikuwa yakimwagika, kisha yakafungwa. Mume wangu alikuwa amesikia kila neno.

Nimerudi kwenye cherehani na uzi umenikataa kabisa. Nalitaka hilo neno la kwanza. Nalitaka mno, niliandike hapa maana sitalisema popote. Lakini nikilichukua, yeye atabaki huku juu na televisheni, na atasema hana neno, magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Na kidogo kidogo magoti yatamsumbua kweli. Nisipolichukua, tutaendelea na mchezo wa glasi, na safari ijayo itakuwa chafya au nzi.

Ile bia lakini! Tumekunywa chupa yao kwa chakula, mimi na yeye. Kasema inamchoma ulimi vizuri. Tukacheka kidogo. Kicheko cha kwanza tangu Jumamosi.

Jumamosi, 25 Machi

Naandika nimesimama, jikoni, na aproni bado kiunoni. Wao wako chini. Nimesema nakuja kuchukua kitambaa cha kufutia.

Pipa limefunguliwa. Mwokaji kajaza glasi, halafu hakujua ampe nani. Kaishika katikati yetu, anamwangalia Mwalimu amwokoe, Mwalimu anaangalia kipimajoto. Mume wangu akaichukua. Wote tukanyamaza, kama desturi. Sikujua atafanya nini. Nilikuwa sijashika glasi yoyote.

Akasema, "Pua yangu imekufa."

Hivyohivyo, kwa sauti ya kuagiza vitunguu. Tangu yale mafua. Mnakunywa kwa pua ya mke wangu, na ile ya Jumamosi iliyopita ni mimi niliyekosea, yeye alipewa mtoto tu.

Hakuna aliyecheka. Kisha Mwalimu akauliza, hata ule mkate ulioungua? Mume wangu: hata huo. Mwokaji akang'aka — lakini mimi niliusikia! Hapo tukaangua kicheko wote, Nesi mpaka akakaa kwenye ndoo. Mwokaji bado anaapa kwamba mkate ulikuwepo.

Nikadhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Akanigeukia, akaniwekea glasi mkononi, akanifungia vidole juu yake. Neno la kwanza ni lako, kasema. Ila usiniambie nzuri au mbaya, hayo waambie hawa. Mimi niambie inanukaje. Nataka na mimi nisikie.

Nikanusa. Chungwa, sawa, chungwa hata mtoto angesema. Lakini chini yake! Chini yake kuna jiko la hoteli asubuhi. Siku niliyokwenda kupima mapazia ya ukumbi wa kulia, na mpishi kijana akatoka na trei ya keki, unga hadi kwenye nyusi, akaniambia kaa pembeni dada, hii ni ya moto. Siagi, maganda, shati lililopigwa pasi na mvuke. Yote yamo mle kwenye glasi. Machozi hayo. Nikasema kitambaa, kitambaa, nikakimbia ngazi.

Nimekuja na glasi. Kitambaa sijakiona wala sikitafuti. Nainusa tena na naandika haraka ili nisipoteze hata kimoja, maana akiuliza lazima nimpe kwa mpangilio: siagi kwanza? Au unga? Unga hauna harufu mpaka uingie moto, hilo atanisahihisha yeye. Na nitasemaje haya mbele ya Mwalimu wa hesabu?

Nasikia mtu anapanda. Si Nesi, Nesi hupanda mbio. Huyu anapumzika kwenye kila kona. Chini kumetulia kabisa, wamenyamaza wote wanasubiri.

Amefika. Anabisha hodi — kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.