Mita Ilishuka

Likasi, Jumanne, Novemba 1995

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na nyumba yote inanuka unyevu. Nimelala ubavu wa kushoto, kama nilivyoagizwa. Mwandiko wangu umepinda.

Mtoto wangu hakui.

Nimeiandika nione kama sentensi hiyo itakubali kukaa kwenye karatasi. Imekaa.

Leo ilikuwa siku ya kupimwa. Maji yalikuwa yamerudi kwenye bomba la maternite, hospitali ya wazazi, na choo, ambacho mwezi uliopita kilikuwa na kufuli, kilikuwa wazi. Sisi wajawazito tulifurahi kama watoto. Mwanamke mmoja, tumbo lake likijaza mlango, aliniangalia akaangua kicheko: "Weye, ata tumbo ya bwana yangu inapita yako! Na ile yake ni ya pombe tu." Nilicheka pia. Bado nilikuwa na sababu ya kucheka.

Mkunga wetu, Mama Véro, hakunilaza mara moja. "Enda kwanza ukojoe, mwanangu. Njo nikupime." Nikaenda, nikarudi, nikalala. Akashika mita ya fundi cherehani, akaivuta kutoka mfupa wa kinena mpaka juu ya tumbo. Akaiachia. Akaivuta tena.

Mwezi uliopita ilisoma sentimita thelathini. Leo ishirini na saba, wakati ilipaswa kufika thelathini na nne.

Nikasema labda mita imelegea. Akatikisa kichwa.

"Mwezi ile choo ilikuwa ya kufungwa. Mulikuya wote na mukojo. Nilipima mutoto na mukojo pamoja."

Kibofu kilichojaa husukuma mfuko wa uzazi juu. Furaha yetu ya mwezi mzima ilikuwa mkojo.

Mume wangu Jean ameshauambia mtaa mzima kwamba mtoto anakua vizuri. Anamwita Muzee. Anaongea naye kupitia kitovu changu, anamuuliza kama kiwanda alikofanya kazi kitafunguliwa tena. Sasa yuko ziwani Tshangalele kututafutia samaki, na kesho atarudi akipiga mluzi. Nitamwambia kwa mdomo gani?

Mama Véro aliniwekea ile pembe ya kusikilizia, akainama muda mrefu. "Moyo iko napiga," akasema. Kisha: nilale ubavu, nile chochote kinachopatikana, nihesabu mateke. Mashine ya kumwona mtoto tumboni imekufa hapa mjini. Ile ya Lubumbashi ingeonyesha jinsi alivyo mdogo, lakini kumwonyesha si kumnenepesha. Chumba cha upasuaji hakina dawa ya usingizi, kwa hiyo hawezi kutolewa kwa kisu. Hakunificha kitu. Ningependa anifiche kidogo.

"Akikosa kucheza siku muzima, ukuye mbio."

"Nikikuya, mutafanya nini, Mama?"

Alizungusha mita kwenye vidole vyake, polepole, mpaka ikaisha.

"Nitasikiliza tena."

Nimejaribu kula bukari, ugali wetu, jioni hii. Nimemeza kama anayemeza dawa, tonge baada ya tonge, nikimwambia: chukua, chukua yote, usiniachie kitu. Sijui kama chakula kinamfikia. Hakuna mtu anayejua. Hilo ndilo linalonichosha kuliko woga wenyewe.

Amecheza mara moja tangu nilale, kwa uvivu, kama mtu anayegeuka usingizini. Nimeweka mkono pale pale. Nangoja.

Akinyamaza, nitakimbia mpaka kwa Mama Véro, nitapanda kitandani, atainama na kusikiliza.

Halafu?